Meno ya Mama Evodia

Mwanangu Kemilembe,

Barua huanza kwa kujuliana hali, kisha mtu huandika kwamba hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Hali yako naijua. Mchana huu umekula ndizi sahani mbili, ukamalizia na maharage ya shangazi yako, na mbali bado hujafika. Umevuka tu bonde kwenda kumuaga Mama Evodia. Hofu na mashaka yapo huku kwangu, mezani, mimi na karatasi hizi nilizozichana katikati ya daftari lako la kidato cha nne. Utanisamehe daftari.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku wala za kuchemsha maji ya kunywa. Baba yako amekueleza habari za meli tangu Jumapili kana kwamba yeye ndiye nahodha, na meli kaipanda mara moja tu maishani, akatapika kutoka Bukoba hadi Mwanza. Shangazi yako amekueleza habari za wanaume, na huyo naye ana ya kusema. Mimi nimebakiwa na jambo moja, nalo ndilo baba yako alilonikataza. Jana aliniambia, "Mwache mtoto aende na moyo mweupe. Ukimwambia, utamtwisha mzigo wako." Nimelipima neno lake na nimeona lina haki. Lakini wewe unakwenda kusomea ufundi wa mitambo. Ungekuwa unakwenda kusomea ushonaji, ningenyamaza mpaka kaburini.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kinyambo hakuna aliyenifundisha kukiandika; kalamu nilishikishwa kwenye kisomo cha watu wazima, na huko kilikuwa Kiswahili kitupu. Na ni afadhali hivyo. Kwa lugha ya nyumbani nisingefika mwisho.

Unakumbuka msiba wa babu yako, mwaka ule mlioanza sekondari wewe na Evodia? Nilizunguka na kikapu cha kahawa za kutafuna, kama ilivyo ada, kila mtu akachukua mbili tatu. Nilipofika kwa Mama Evodia, alikisukuma kikapu kwa mgongo wa mkono kikaenda kwa jirani yake, huku anatazama pembeni. Wewe ulikuwa nyuma yangu na birika la maji. Usiku ule uliniuliza, "Mama, mbona mama mkubwa hatafuni kahawa yetu?" Nikakujibu, "Ana meno mabovu, mwanangu."

Ukaamini. Ukamhurumia hata. Wiki ile ile ulichuma majani ya mpera, ukayafunga vizuri, ukampelekea ili achemshe asukutue. Mimi nilijua baadaye, ulipokwisha kurudi. Nilijificha ndani siku nzima nikingoja aje anivue nguo mbele za watu. Hakuja. Aliyapokea majani, akakushukuru, akakaa kimya miaka yote hii na sifa ya meno mabovu niliyompa mimi.

Meno yake ni mazima kuliko yangu. Haya, sikiliza kisa chake.

Mimi na yeye tulianza kazi ya kuchambua kahawa miaka ile baada ya vita, madukani hakuna nguo wala sabuni, na mtu aliyepata kazi kiwandani alionekana amepata ufalme. Mashine ya kukoboa tuliikuta. Hiyo hatukuiogopa, ilikuwa na makelele na ujinga. Iliondoa maganda basi, ikatema kila kitu pamoja: kahawa nzuri, nyeusi, chenga, iliyotobolewa na wadudu, na kokoto juu yake. Ya kutenganisha ilikuwa kazi yetu. Tulikaa wanawake pande mbili za meza moja ndefu, ya mbao za mkaratusi, unamwagiwa lundo mbele yako, na vidole vinaanza. Nzuri unavutia kwako, mbaya unasukumia kwenye beseni.

Mtu akikwambia kazi ile haina akili, mwambie aje aniulize mimi. Nyeusi kila mtu anaiona. Lakini kuna punje iliyochacha, ambayo kwa macho ni nzuri kabisa, ila rangi yake imeelekea kidogo kwenye ngozi ya kitunguu. Moja tu inatosha kuharibu birika zima. Kuna iliyokaushwa juu ya udongo badala ya mkeka. Kuna iliyochumwa mbichi na mwenye shida zake. Mimi nilikuwa naziona zote bila kuinamisha kichwa, huku nikisimulia habari za harusi. Msimamizi alikuwa akipitisha wageni anasema, "Na huyu ni Mama Kemi, macho kama yake hayapo mengine Karagwe nzima." Nami nafurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Shika hilo, litarudi.

Mama Evodia alikaa ng'ambo ya meza, uso kwa uso na mimi. Tulichukua mimba msimu mmoja, tukazaa mimi wewe na yeye Evodia mwezi mmoja, tukarudi mezani tukiwa na watoto mgongoni. Siku moja wakati wa chakula alitoa tunda la kahawa ya kutafuna, akalipasua kwa meno. Unajua ndani ya tunda moja kuna punje mbili zimelala tumbo kwa tumbo. Wazee wetu, mtu na mtu wakitaka kuwa ndugu wasiozaliwa pamoja, walichanja ngozi ya tumbo, punje ikapakwa damu, huyu akatafuna yenye damu ya yule. Ndio omukago. Makanisa hayakuupenda, mimi Mlutheri na yeye Mkatoliki sote tulikuwa tumeonywa. Nikamwambia, "Mama Evodia, na damu je?"

"Waitu, ndugu yangu," akasema, "damu tumeshamwaga ya kutosha leba. Tafuna."

Nikatafuna. Akasema tangu leo watoto hawa ni wa tumbo moja, na anayemtupa mwenzake, kahawa hii imjue. Tulicheka, lakini hatukuwa tunatania. Ndiyo maana wewe humwita mama mkubwa ingawa mimi na yeye hatuna hata bibi mmoja.

Ile mashine ya pili ilikuja mlipokuwa darasa la saba. Biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na siku moja likaja lori na sanduku la mbao kubwa kama jiko letu. Unajua tulifanya nini? Tulipiga vigelegele. Tulidhani ni ya kukoboa, kubwa zaidi, kwa hiyo kahawa itaongezeka na kazi itaongezeka. Kuna mwenzetu alikata kiuno mbele ya lori mpaka dereva akapiga honi.

Fundi wake alikuwa kijana wa kutoka Dar es Salaam, mpole, ana koti la bluu na adabu zake zote. "Shikamoo mama," kwa kila mmoja, meza nzima, hakuruka mtu. Akatueleza kwamba mashine hii ina jicho la umeme. Kahawa inadondoka mbele ya jicho, punje moja moja, na ikiiona mbaya inaipuliza kwa upepo, pfu, inaangukia pembeni. Ila jicho lenyewe, alisema, halijui bado mbaya ni ipi. "Ni kama mtoto, mama zangu. Lazima lionyeshwe. Kila mmoja wenu atachukua bakuli moja la kahawa, alichambue kwa namna anavyojua, nzuri huku mbaya huku, halafu mimi nitalipimia jicho humo." Mabakuli yangegawiwa na kukusanywa siku inayofuata.

Jioni ile tulipokuwa tunarudi tulisimama chemchemini kunawa miguu. Kisha Mama Evodia akasema, "Amesema ni mtoto. Basi mtoto asiyefundishwa hajui. Tusimfundishe."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Kila mtu achanganye kidogo. Iliyochacha iende kwenye nzuri, nzuri chache ziende kwenye mbaya, na kila bakuli lichanganywe kwa namna yake, ili jicho likiambiwa hivi na huyu liambiwe vile na yule. Litachanganyikiwa, fundi atalirudisha kwenye sanduku lake. Tulikubali sote. Walikuwepo wenzetu waliotoka ng'ambo ya mto, kutoka Rwanda, waliokuwa wanaishi kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya watu, na mmoja wao, mama mtu mzima, alituangalia mmoja mmoja akasema, "Nyie mkirudi nyumbani mnarudi kwenye migomba. Mimi sina hata mgomba mmoja. Msinidanganye." Tukamwambia hatutamdanganya. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Kesho yake nilipewa bakuli langu. Nikakaa nalo. Na hapa, kwa miaka mingi, nimekuwa nikisimulia hivi: kwamba nilitaka kabisa kuchanganya, lakini mikono ilikataa. Kwamba vidole vilivyozoea kutenganisha miaka yote ile havikuweza kuiweka iliyochacha kwenye nzuri, vilikuwa vinairudisha vyenyewe. Ndivyo nilivyomwambia baba yako. Ndivyo nilivyomwambia mchungaji, naye akanihurumia, akasema uaminifu wakati mwingine unaumiza. Ni hadithi nzuri. Mtu akiisikia ananipenda.

Ni uongo, Kemi. Mikono ni yangu, inafanya ninachoitaka.

Kweli ni hii. Asubuhi ile, kabla ya bakuli, msimamizi aliniita nyuma ya ghala. Aliniambia, "Mama Kemi, hii mashine hata ikijua, itahitaji mtu mmoja wa kuiangalia. Mmoja mwenye macho. Mimi ningependa awe wewe, lakini bosi ataangalia bakuli." Akaondoka. Hakunitisha, hakuniahidi, hakunipa chochote. Alisema mmoja, nami moja kwa moja nikajua huyo mmoja ni nani. Sikuwaza hata dakika kwamba ukisema mmoja umesema pia wengine wote. Nilikuwaza wewe na sekondari, hiyo sikatai. Lakini sitajificha nyuma yako pia: zaidi nilikuwa nawaza kwamba hatimaye litaonekana. Kwamba sote tunakaa meza moja tunaitwa wachambuaji, lakini mchambuaji ni mimi. Nilitaka mashine ijue, fundi ajue, bosi ajue. Nilichambua bakuli lile kuliko nilivyowahi kuchambua bakuli lolote maishani mwangu, na nilikuwa na raha nikifanya hivyo.

Jioni fundi alimimina bakuli moja baada ya jingine. Alitikisa kichwa, akafungua vifuniko, akazungusha vitufe, akajaribu tena. La Mama Evodia lilikuwa limeharibiwa kwa ustadi mpaka fundi akasema, "Hili ndilo linanichanganya kabisa." Nikamwona Mama Evodia anameza kicheko. Fundi akapangusa jasho akamwambia bosi, "Mzee, kwa sampuli hizi haiwezekani. Labda niondoke nayo, turudi msimu ujao." Mashine ilikuwa inaondoka, mwanangu. Nimeisikia kwa masikio yangu inaondoka.

Bosi akauliza, "Hakuna jingine?"

Lilikuwepo. Lilikuwa mbele yangu, nimelifunika kwa kanga. Ningeweza kulimwaga. Ningeweza kuingiza mkono na kuvuruga mara moja tu, kama mtu anayesonga ugali. Msimamizi akasema, "Bado la Mama Kemi," akalichukua, nami nikaachia.

Fundi alilimimina. Akatazama. Akazungusha vitufe viwili. Mashine ikaanza: pfu. Pfu, pfu. Akachota kwenye nzuri akatupitishia kiganja chake tuone. Ilikuwa safi. Ilikuwa kazi yangu kabisa, ningeitambua popote. Akaniambia, mbele ya wote, "Hongera mama. Umeifundisha."

Njiani nilitembea na Mama Evodia kama kawaida, maana njia ilikuwa moja. Wengine walikuwa wametangulia. Tulifika pale njia zinapoachana. Hapo akasimama, akaweka kikapu chini, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama miaka yote ile ng'ambo ya meza. "Sikuulizi kwa nini," akasema, "maana utanipa jibu." Akakiokota kikapu akaenda. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikidhani methali hiyo inanihusu mimi kwa upande wa kuliwa.

Msimu haujaisha, wanawake wote waliambiwa asanteni. Meza ilitolewa nje ikanyeshewa mpaka mbao zikapinda. Wenye migomba walirudi kwenye migomba, wakawa wanalima vibarua kwa walio na shamba kubwa kidogo. Yule mama wa ng'ambo ya mto sikumwona tena; mmoja alisema amekwenda Biharamulo, mwingine akasema amerudi kwao, na ule haukuwa wakati wa mtu kurudi kule. Sijui. Kila nikipita chemchemini namsikia. Mimi nilibaki nimesimama peke yangu mdomoni mwa mashine, nachota kiganja kimoja asubuhi na kingine mchana, naangalia kama inakumbuka nilichoifundisha. Ilikuwa inakumbuka. Haikuwa na mtoto mgongoni, haikusimulia habari za harusi.

Evodia mlianza naye kidato cha kwanza. Cha pili hakukimaliza, nawe uliniuliza kwa nini, nikasema hapendi shule. Nimekudanganya mambo mengi, naona, nikiyapanga hivi. Alikuwa anapenda shule kuliko wewe. Wewe ulikuwa unapenda likizo. Leo yuko Kamuli kwa mume wake, ana mtoto mgongoni na jembe mkononi, umri wenu mmoja kwa siku chache. Nawe unakwenda chuo. Sitaki uende ukidhani ninyi wawili mlipimwa na wewe ukashinda.

Na wewe uliipenda ile mashine! Hilo ndilo pigo ambalo Mungu alinichagulia kwa uangalifu. Ulikuwa unaniletea chakula siku za likizo, na mara moja ulimkuta fundi amerudi kuitengeneza, ameivua vifuniko vyote. Akakuita uchungulie. Ulitoka pale macho yanawaka, ukanishika mkono: "Mama, ina akili!" Nusura nikuzabe kofi. Akili ile nilijua ni ya nani. Lakini tangu siku hiyo hukusema tena ualimu wala unesi, ukawa unafungua redio ya baba yako na kumtia wazimu, nami nikanyamaza, nikakulipia shule kwa mshahara wa kuichunga.

Mwisho wangu pale wewe ulikuwa kidato cha tatu. Akufukuzaye hakwambii toka. Kwanza kilipotea kiti changu, nikawa nafanya kazi wima. Halafu wakasema nichote mara moja tu kwa siku. Halafu akaja kijana wa ofisini, mpwa wa mtu, akasema siku hizi kuna njia ya kuipima bila mtu. Msimamizi yule yule aliniita nyuma ya ghala ile ile, akaniambia macho yangu yamechoka. Walinipa kanga na miche miwili ya sabuni. Kanga hiyo ndiyo niliyofungia vitabu vyako. Siku ile nilipofika njia panda nilisimama, nikatamani kushuka kwa Mama Evodia nimwambie, wamenitupa na mimi, tucheke. Sikushuka. Ningekwenda kumwomba anionee huruma kwa mti nilioukata mwenyewe ukaniangukia.

Baba yako huniambia, "Ingekuja tu. Kama si kwa bakuli lako, kwa bakuli la mtu mwingine." Watu wote wema huniambia hivyo. Na ni kweli. Ingekuja msimu uliofuata, au ule mwingine. Lakini kwa mshahara wa msimu mmoja Evodia angemaliza kidato cha pili, na yule mama angetafuta pa kuweka kichwa. Msimu mmoja ni mkubwa sana kwa mtu asiye na mgomba. Na hata ingekuja, isingekuja na macho yangu ndani yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ingekuja tu, muulize alikuwa amekaa upande gani wa meza.

Sikuambii usitengeneze mashine. Nimekuona ukifungua redio, ningekuwa nakuambia samaki asiogelee. Yule fundi hakuwa mtu mbaya. Mpaka leo naamini hakujua alichokuwa anakiomba, alikiomba kwa shikamoo. Hilo ndilo linalonitisha kwako, kwa sababu na wewe una adabu. Siku moja utafika mahali na koti lako la bluu, utakuta mama wa watu anajua kitu kwa vidole vyake, utamwambia, "Nionyeshe mama." Atafurahi. Hakuna anayeulizwa anachokijua asifurahi. Basi kabla hajakuonyesha, mwambie unaonyeshwa kwa ajili ya nini, na kwamba akishakuonyesha yeye ataenda wapi. Kama hujui, mwambie hujui. Huenda akakataa, na bosi wako akakasirika. Mimi sijui utafanyaje hapo. Kama ningejua, nisingekuwa naandika barua hii.

Na ukisikia mtu anasema atabaki mmoja, usiwe na haraka ya kujua ni nani.

Msamaha sijaomba. Nimeshakwenda mara mbili mpaka kwenye ua wake. Mara ya kwanza nilisikia anaimba ndani nikaona nitamharibia. Mara ya pili alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage, kwa vidole vile vile, nzuri huku mbaya huku, nikageuza kabla hajainua kichwa. Labda aliniona. Naye alikuwa na macho. Nilijisifia macho yangu hadi nikasahau hilo.

Leo uliponiambia unakwenda kumuaga nilitaka kukuzuia. Kisha nikaona nikae, niandike, nimalize kabla hujarudi, nikufichie ndani ya sanduku chini ya kopo la senene wa kukaanga, uisome ukiwa kwenye meli ambapo huwezi kushuka na kurudi kuniangalia. Ndiyo, ni woga. Nitakaa hapa bila kujua umeisoma kwa uso gani. Kama baada ya hapa utaniandikia, nitashukuru. Kama hutaniandikia, nitajua na hilo ni jibu.

Umerudi sasa hivi. Nimeifunika barua kwa kitambaa cha meza, na wewe umejitupa kwenye kiti ukiwa na matope ya bonde mpaka magotini. Nimekusubiri uende kuoga ndipo niandike hili la mwisho.

Umeweka mezani kifurushi cha jani kavu la mgomba, kimefungwa vizuri kwa kamba yake, nami nimejua kabla hujafungua ni kahawa za kutafuna. Umeniambia, "Mama, mbona ulisema mama mkubwa ana meno mabovu? Tumetafuna wote, mimi na yeye, amelipasua tunda kwa meno akanipa punje moja. Meno yake mazima!"

Nikakujibu, "Labda yamepona."

Ndipo ukasema kwamba kifurushi hiki amekufungia wewe cha njiani, na kwamba amekushika mkono mlangoni akakuagiza: "Hizi ni zako na za Evodia mkionana. Mama yako asionje hata moja." Umelisema hilo huku unacheka, kwa kuwa ulidhani mama mkubwa anatania. Na mimi nimecheka nawe. Tumecheka mpaka baba yako akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sasa unajua tulikuwa tunacheka nini. Zitafune, mwanangu, na Evodia muwekee zake. Hata harufu yake usinibakizie.

Ni mimi mama yako.